Fort Jesus: ukipanda, panda asubuhi

Kama una siku moja tu Mombasa na wapenda magofu, nenda ngome ya Fort Jesus. Wareno waliijenga 1593 hadi 1596 juu ya jabali la matumbawe. Ukipanda kutani waona mlango wa bahari wote, pale ilipozama meli ya Kireno Santo António de Tanná mwaka 1697, Waomani walipokuwa wameizingira ngome. Lipia mwongozaji, tafadhali. Wetu alitukalisha mbele ya michoro ya askari wa Kireno: majahazi na makanisa kwa makaa na rangi nyekundu, mkono wa mtu aliyekumbuka kwao. Nilishindwa kuondoka. Vaa raba, beba maji. Adhuhuri kule juu hakuna kivuli. Baadaye shuka Mji wa Kale, ule viazi karai.