Kigunduzi cha moshi cha kunyonya hewa kwenye chumba cha vipimo vya mawimbi: uzoefu wangu wa miaka miwili

Mimi ni fundi katika maabara ya kupima vifaa vya elektroniki hapa Ujerumani. Chumba chetu cha vipimo ni sanduku la chuma lisilopitisha mawimbi ya redio, na ndani kumejaa piramidi za sponji iliyotiwa kaboni, ya kunyonya mawimbi. Sponji hiyo ina dawa ya kuchelewesha moto, lakini ikiungua hutoa kaboni monoksaidi na sianidi ya hidrojeni. Mlango ukishafungwa, aliye nje hasikii harufu yoyote.

Awali tulikuwa na kigunduzi cha kawaida darini. Saketi yake iliingiza kelele kwenye vipimo, na tukirusha mawimbi ya volti 10 kwa mita kilipiga king'ora bila moshi wowote. Wenzangu wakazoea kukizima wakati wa vipimo, yaani saa ile ile kifaa kina umeme na kinaweza kuungua. Jambo hilo lilininyima amani.

Kigunduzi kipya, cha kunyonya hewa, mashine yake, feni na leza, iko nje. Ndani ni mabomba ya plastiki yenye vitundu tu, na hewa huvutwa kupitia mrija wa shaba ulioshikana na ukuta. Kazi yote ya kuzuia mawimbi iko kwenye mrija huo. Wetu una kipenyo cha milimita 20, hivyo mawimbi yaliyo chini ya gigahezi 8.8 hivi hufifia humo. Vipimo vyetu huishia gigahezi 6. Waliotufungia walipitisha bomba la plastiki ndani ya mrija na kuacha humo waya wa chuma waliotumia kulivuta. Mrija wenye waya katikati hupitisha mawimbi yote, na kinga ya chumba dhidi ya mawimbi ilianguka. Tulichomoa waya, tukakata bomba liishie kila upande wa mrija, kinga ikarudi.

Mwaka jana betri ya lithiamu ya kifaa cha mteja ilianza kuvimba. Onyo lilikuja picha ya kamera ikiwa bado safi kabisa, tukakata umeme. Sponji haikuguswa. Siku hiyo nilishukuru sana.

Vichujio vinataka kubadilishwa, na bomba refu huchelewesha hewa. Kwa hiyo fupisheni njia. Halafu kinagundua tu, hakizimi. Kuzima tumewaachia vinyunyizi vya maji, ambavyo bomba lao la chuma lazima lishikane na ukuta pande zote pale linapopenya. Kabla mkandarasi hajatoboa, mwulizeni kipenyo cha mrija na urefu wake.