TAHADHARI: Anayekuuzia "kuunganishiwa boti" ya laivu anaitaka chaneli yako

Wadau mnaorusha laivu Twitch na YouTube, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya wacheza gemu akijinadi kwamba anaunganisha boti ya chati, ile inayofuta matusi na linki za ovyo na kujibu amri kama !ratiba. Bei yake elfu thelathini, unatuma M-Pesa, na jina linalotokea si lile analotumia kwenye grupu. Hapo tu pangetosha kumkimbia, ila hiyo elfu thelathini ndiyo hasara ndogo.

Ukishalipa anaanza kuomba vitu. Kwanza nenosiri. Ukisita, anashusha: basi nipe ufunguo wa laivu, ule mstari mrefu wa herufi na namba unaoubandika kwenye OBS, programu ya kurushia laivu. Watu wengi hulegea hapa kwa sababu hauonekani kama siri. Jamani, ufunguo huo hauhusiani na chati hata chembe. Ni wa kupeleka video. Anayeushika anarusha anachotaka kwenye chaneli yako akiwa kwake, bila nenosiri, na atakayefungiwa ni wewe.

Wengine anawatumia faili la "kusakinisha boti". Usilifungue. Boti za chati kama Nightbot, StreamElements na Moobot zinafanya kazi kwenye seva za wenyewe, hazihitaji kusakinishwa kwenye kompyuta yako. Oktoba 2021 Google walieleza jinsi wezi walivyowatumia wenye chaneli za YouTube programu feki zinazoiba kuki za brauza, yaani kumbukumbu zinazoonyesha kwamba umeshaingia kwenye akaunti, wakaingia kwenye akaunti bila kuulizwa nenosiri. Chaneli nyingine ziliuzwa, nyingine zikageuzwa laivu za kutapeli watu sarafu za kidijitali.

Kazi yenyewe anayoiuza ni bure. Ingia nightbot.tv kwa akaunti yako ya Twitch au YouTube, soma ruhusa inazoomba, bonyeza Join Channel. Twitch unaandika kwenye chati /mod nightbot. YouTube unaiweka kuwa moderata, yaani msimamizi wa chati, ndani ya YouTube Studio. Basi. Nenosiri uliandike kwenye ukurasa wa Twitch au Google wenyewe tu, na kabla ya kuandika tazama anwani pale juu, maana kurasa za kuigiza zipo.

Kama umeshampa kitu: badilisha nenosiri, washa uthibitisho wa hatua mbili, na uweke upya ufunguo wa laivu. Kisha fungua Settings, Connections pale Twitch, ukate kila programu usiyoijua. Kagua pia orodha ya mamoderata na maedita (wanaoruhusiwa kuhariri chaneli yako), huwa anajiacha humo kimyakimya. Uliyefungua faili lake, yote hayo yafanye kwa kifaa kingine, na hiyo kompyuta usiitumie mpaka isafishwe.

Mliotuma pesa wapigieni mtandao wenu mapema, muombe muamala uzuiwe kabla hajazitoa. Na kwa walioko Tanzania, namba yake iripotini kupitia 15040.