My Hero Academia: nane kwa kumi kutoka Uyole, Mbeya

Hii ni manga, hadithi ya katuni ya Kijapani. Kohei Horikoshi aliianza 2014 kwenye jarida la Weekly Shonen Jump huko Japani, akaifunga 2024. Juzuu 42, nimezimaliza zote.

Ngumi zipo, ila kilichonishika ni Izuku, mhusika mkuu. Kazaliwa mtupu kwenye dunia ambayo watu wanane kati ya kumi wana nguvu fulani, basi anajaza madaftari: shujaa huyu anapiganaje, anazidiwa wapi. Akija kurithishwa nguvu, zinamvunja vidole, na mchoraji hakuonei huruma, kila kidole kilichovimba unakiona. Mwanafunzi wangu mmoja wa tuisheni alifika hapo akaniambia, "Mwalimu, huyu ni mimi kwenye hesabu."

Mimi chaguo langu ni Uraraka, binti anayesoma na Izuku kwenye shule ya mashujaa. Anasema bila aibu kwamba anautaka ushujaa kwa ajili ya hela, maana wazazi wake wana kampuni ya ujenzi na kazi hazipatikani. Mtu wa Mwanjelwa hahitaji kufafanuliwa hilo.

Vita ya mwisho nayo imevutwa mno. Wahusika wamejazana kama daladala ya Kabwe saa kumi na mbili jioni, wengine unasahau walipandia wapi.

Ukitaka kujaribu, kumbuka kurasa zinaanzia kulia. Vumilia hadi mashindano ya michezo ya shule, pale Todoroki, mwanafunzi mwenzao, anapokataa kutumia moto aliorithi kwa baba yake. Pasipokugusa hapo, mrudishie mwenye kitabu, wapo wanaokisubiri.