TAHADHARI: Anayeuza "mashine orijino za gemu kutoka Japani" Mbeya na Iringa ni tapeli

Wakuu, salaam. Mnaotafuta mashine za gemu za zamani, zile za kabati la kusimama na kutumbukiza sarafu, kaeni chonjo. Kuna jamaa anazungusha picha za Pac-Man na Street Fighter II kuanzia Tunduma hadi Iringa, anadai ameshusha kontena la mtumba wa Japani. Watu wameshalizwa.

Mimi ni fundi elektroniki hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mteja wangu wa Uyole aliletewa "Pac-Man orijino, haijaguswa" kwa 2,500,000, akatoa kishika uchumba cha laki sita, kisha akaniita niikague kabla hajamalizia. Kwa nje inavutia kweli, njano inayong'aa. Ila sikuhitaji hata bisibisi kuona kasoro: kila upande una batani sita. Pac-Man ya Namco ya mwaka 1980 inachezwa kwa mkono wa kuelekeza tu, batani zake ni za kuanzisha mchezo, basi. Batani sita ni za Street Fighter II ya Capcom, iliyokuja 1991.

Nikafungua nyuma. Mle ilitakiwa iwemo skrini ya chogo, tena imelazwa ubavu ili picha isimame wima. Nilichokuta ni monita bapa ya kompyuta iliyobanwa kwa vipande vya mbao na silikoni, pembeni imezibwa na boksi lililopakwa rangi nyeusi. Bodi ni ile ndogo ya Kichina yenye mamia ya gemu. Waya wa umeme unakwenda moja kwa moja ukutani kwa plagi yetu ya miguu mitatu, transfoma hakuna. Sasa Japani umeme wao ni volti 100, wetu ni 230. Mashine ya kule ambayo kweli haijaguswa ungeichomeka hapa ingelipua fyuzi papo hapo, na hiyo ukiwa na bahati.

Nikakwangua rangi kidogo chini ya tundu la sarafu. Zikatokea picha za matunda na namba 7. Lile ni kabati la dubwi! Dubwi ni mashine ya kamari, kuliendesha ni mpaka leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na hili stika zake zote zimebanduliwa. Hujui limeibwa wapi, na likikutwa sebuleni kwako, wa kujieleza ni wewe.

Bodi za Kichina zenyewe sina ugomvi nazo. Nimewafungia watu kadhaa kwenye makabati ya maseremala wetu na watoto wanacheza vizuri. Ila unamwambia mtu ukweli, unamtajia bei ya kitu chenyewe. Kinachoniuma ni mtu aliyejinyima muda mrefu apate mashine ya enzi zile, halafu anauziwa dubwi lililopakwa rangi.

Wa Iringa wameumia zaidi, maana hata hilo dubwi hawajaliona. Wao wanatumiwa picha, wanaambiwa kuna mteja mwingine analeta hela jioni, watume kianzio upesi. Baadaye mzigo "umekwama mizani ya magari pale Mpemba", tuma 180,000. Kisha dereva "amezuiwa Makambako", tuma tena. Halafu simu haipatikani. Jamani, mizani inapima gari, na gari likizidisha uzito anayebanwa ni mwenye gari, si wewe mwenye kabati moja. Tena jina linalotokea unapotuma pesa silo analojitambulisha nalo. Akiulizwa anasema laini ni ya shemeji yake. Na zile picha anazodai amepiga stoo Tunduma, zikuze uangalie ukutani: soketi ni za matundu mawili bapa. Stoo gani ya Tunduma ina soketi hizo?

Anayetaka kununua kwa yeyote yule, aombe apigiwe simu ya video, mashine iwashwe na mlango wa nyuma ufunguliwe akiwa anaona. Hela itoke mzigo ukiwa mbele yako. Ukikuta ya chogo kweli, usiingize mkono mle ndani hata kama imechomolewa, chogo linabaki na maelfu ya volti. Muite fundi wa TV.

Kama umeshatuma, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako sasa hivi uombe muamala uzuiwe, namba ya tapeli iripoti TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kupitia 15040, kisha nenda polisi ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako, ukiwa na meseji zote, usifute hata moja. Mteja wangu wa Uyole ameshafungua jalada na picha nilizopiga ndani ya lile kabati ziko polisi. Wengine mliotapeliwa mkiandikisha maelezo, tajeni namba zote alizowahi kuwapigia, hata zile ambazo hazipatikani tena.