Uchambuzi wa albamu: City of Gold ya Molly Tuttle na Golden Highway

Habari zenu wapendwa, karibuni. Leo tuna bluegrass mezani. Ni City of Gold, albamu ya Molly Tuttle na bendi yake, Golden Highway. Ilitoka Julai 2023, ina nyimbo 13, na mwaka 2024 ikashinda Grammy ya albamu bora ya bluegrass. Ile iliyoitangulia, Crooked Tree, nayo ilishinda tuzo hiyohiyo mwaka mmoja kabla. Lakini tuweke tuzo pembeni, twende kwenye muziki wenyewe.

Kwa ambao bluegrass ni ngeni kwenu: huu ni muziki wa nyuzi kutoka kusini mwa Marekani. Bill Monroe, mpiga mandolini wa Kentucky, ndiye aliyeusimamisha na bendi yake ya Blue Grass Boys. Mwaka 1945 akajiunga naye kijana wa North Carolina, Earl Scruggs, akaja na upigaji wake wa banjo kwa vidole vitatu, na hapo muziki ukashika moto. Banjo yenyewe asili yake ni Afrika Magharibi. Iliingia Marekani na watu waliouzwa utumwani. Mimi hili nalisema kila nikizungumzia bluegrass, maana wengi hulipita kimyakimya.

Sasa, drams hakuna. Mkisikiliza San Joaquin, wimbo wa treni, mtajiuliza hiyo kasi yote inatoka wapi. Tegeni sikio kwenye mandolini ya Dominick Leslie. Besi ya Shelby Means inapiga pigo zito, mandolini inajibu kwa mkato mkavu: chak! Mpigaji anazicharaza nyuzi zote kwa mpigo mmoja, halafu papo hapo analegeza vidole na mlio unakatika. Besi, chak, besi, chak. Hiyo ndiyo injini ya bluegrass tangu enzi za Monroe, na bendi hii haijaigusa. Juu yake banjo ya Kyle Tuttle inamwaga noti kama mvua ya masika (hana undugu na Molly, majina tu yamefanana), na Bronwyn Keith-Hynes anaingia na fidla. Wapenzi wa taarab, fidla mnaijua inavyolia. Hapa inalia, halafu ghafla inakimbia.

Na Molly mwenyewe jamani, lile gitaa! Mwaka 2017 chama cha kimataifa cha bluegrass, IBMA, kilimtangaza mpiga gitaa bora wa mwaka, mwanamke wa kwanza kupata tuzo hiyo, na mwaka uliofuata akaichukua tena. Anachonivutia ni kwamba hata akipiga kwa kasi kiasi gani, kila noti inasikika peke yake, hakuna inayomeza mwenzake. Tena ana ufundi mwingine alioutoa kwenye banjo ya zamani akauhamishia kwenye gitaa: kucha zinashuka kuzipiga nyuzi badala ya kuzidonoa kwa kupanda. Tafuteni video zake mtazame huo mkono wa kulia.

Upya wa albamu hii uko kwenye hadithi. Molly kakulia California, mbali na milima ya Kentucky, na hajifanyi mtu wa huko. Wimbo wa kufungua, El Dorado, unatupeleka kwenye mbio za kusaka dhahabu za California, zile zilizoanza 1848 dhahabu ilipookotwa Coloma, na umejaa watu wa kila aina waliofuata utajiri. Kuna Down Home Dispensary inayodai bangi ihalalishwe, na kuna Alice in the Bluegrass, kisa cha kitoto kilichopelekwa mashambani. Nyingi kaandika na Ketch Secor wa bendi ya Old Crow Medicine Show.

Ila wimbo ulionishika ni Goodbye Mary. Nyimbo nyingi za kale za milimani zinasimulia msichana anayeuawa na mpenzi wake, na anayesimulia mara nyingi ni huyo muuaji. Goodbye Mary inachukua umbo lilelile la kale, huzuni ileile, lakini inasimama upande wa mwanamke aliyepata mimba asiyoitaka na hana pa kwenda. Haipigi kelele wala haihubiri. Unaweza kuuchukulia kuwa ni wimbo wa miaka mia iliyopita, mpaka ukumbuke kwamba mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani iliondoa haki ya kikatiba ya kutoa mimba. Hapo ndipo niliisimamisha albamu kwanza, nikakaa.

Kasoro? Yosemite, alioimba na mwanamuziki wa rock Dave Matthews. Sauti ya Dave ni nzito na ina mikwaruzo, na kwa masikio yangu inaifunika bendi, wapigaji wanabaki kama wasindikizaji. Katikati pia kuna nyimbo mbili tatu za kasi zinazofanana. Kuhusu sauti ya kurekodi sina neno: Molly kaitengeneza pamoja na Jerry Douglas, gwiji wa dobro (gitaa linalolazwa na kupigwa kwa kipande cha chuma juu ya nyuzi), na ala zinasikika kama zimekuzunguka chumbani. Msisikilize kwa spika ya simu tu, besi itapotea yote na ile injini niliyoisema hamtaisikia. Tafuteni hedifoni.

Mwaka 2025 Molly alitoa albamu nyingine bila kikosi hiki, yenye pop nyingi zaidi. Kwa hiyo kama mnamtaka yeye na Golden Highway, kimbilieni Crooked Tree na hii. Mwenye bando dogo ashushe tatu kwanza: San Joaquin, El Dorado na Goodbye Mary, kwa mpangilio huo. Kisha njooni hapo chini mniambie kuhusu Yosemite, maana najua kuna watakaonibishia.