La Traviata hapa Lubumbashi, tulienda wawili
Juzi nilienda na mwenzangu wa korali kusikiliza La Traviata, opera (mchezo wa kuimba) ya Verdi, ile ya 1853, balifupisha bakaimba na piano tu bila orkestra. Jamani ile sauti! Hakuna mikro hata moja, ule mama wa soprano, sauti ya juu, akifungua kinywa sisi wa nyuma kabisa ngozi inasisimka, mwenzangu akanikamata mkono "yaya, huyu anapumuaka saa ngapi?" Kiitaliano hatukusikia kitu, na karatasi ya maelezo herufi kama sisimizi. Halafu kuran (umeme) ikakatika Violetta, ule mama wa mchezo mwenye kifua kikuu, akiwa kwa kitanda cha kufa, piano ikaendelea na tochi za simu zetu, hapo ndo nikalia. Viti vigumu, sitadanganya. Kwa taksi tulikohoa kama Violetta mpaka shofere akauliza nani mugonjwa.