Nani apokee simu ya fundi? Njia na gharama zake kwa mafundi wa Kigoma

Kama wewe ni fundi bomba, fundi umeme, fundi friji au mchomeleaji, na unafanya kazi na vijana wawili watatu, jibu langu nakupa mapema: elekeza simu usizozipokea kwa mtu mmoja anayeijua kazi yako, na umlipe. Njia nyingine nimezipanga chini ya hiyo, ingawa kuna mafundi ambao mpangilio wao utakuwa tofauti, nitawataja.

Mteja wa Mwanga ambaye bomba limempasukia sebuleni hapigi simu apate salamu nzuri. Anataka kujua unakuja au huji, na kama unakuja ni saa ngapi. Asipopata jibu anampigia fundi mwingine aliyetajwa na jirani. Wewe ukishuka kwenye ngazi saa kumi ukakuta simu tano hazikupokelewa, baadhi ya kazi hizo zimeshapata wenyewe.

Ndiyo maana kulinganisha bei ya mwezi peke yake hakusaidii. Chukua gharama yote ya mwezi, igawe kwa idadi ya kazi zilizotokana na simu ambazo wewe usingezipokea. Njia ya elfu arobaini iliyokuletea kazi moja ni ghali kuliko ya elfu themanini iliyokuletea kazi sita.

Ya kwanza: kuelekeza simu kwa msaidizi

Huduma hii imo kwenye laini za kawaida na inafanya kazi hata kwenye kitochi. Kwa simu inayoita bila kupokelewa, bonyeza **61*, namba ya msaidizi, kisha #. Kwa wakati unapozungumza na mtu mwingine, anza na **67*. Kwa wakati simu imezima au haina mtandao, anza na **62*. Ukitaka simu iite kwako sekunde 20 kabla ya kuhama, andika **61*namba*11*20#. Sekunde huruhusiwa kuanzia 5 hadi 30, kwa hatua za tano tano. Kufuta zote ni ##002#.

Fundi wa Kigoma asiisahau hiyo ya **62*. Ukipanda boti kwenda kufunga sola kwenye vijiji vya mwambao wa kusini, simu yako itakuwa haipatikani kwa saa nyingi, na mteja akisikia hivyo mara mbili anaamini umebadilisha namba.

Sasa gharama. Mpigaji analipia simu hadi kwenye namba yako. Kipande cha kutoka kwako hadi kwa msaidizi unalipa wewe, kana kwamba wewe ndiye uliyempigia. Kwa hiyo laini ya msaidizi iwe ya mtandao uleule, au ununue kifurushi cha mitandao yote. Kabla ya hapo piga 100 uulize swali moja: simu iliyoelekezwa inakatwa kwenye dakika za kifurushi au kwenye salio la kawaida? Jibu hilo linaweza kugeuza hesabu yote.

Tufanye mfano. Simu 6 kwa siku zinahamia kwa msaidizi, kila moja dakika 2, siku 26 za kazi: dakika 312 kwa mwezi. Hizo ndizo dakika za kutafutia kifurushi. Tuseme vifurushi vimekula 15,000. Msaidizi mpe posho ya 30,000 na 2,000 juu ya kila kazi iliyokamilika na kulipwa. Zikiwa kazi 12, umetumia 69,000, sawa na 5,750 kwa kazi. Hata kazi ndogo ya kubadilisha koki inabeba hiyo. Kitochi kipya cha laini mbili, kama msaidizi hana simu ya ziada, unakipata chini ya elfu hamsini na ni gharama ya mara moja.

Nani awe msaidizi? Mwenza wako, mdogo wako, au kijana aliyetoka VETA ambaye bado anatafuta kazi ya kudumu. Anayejua tofauti ya bomba la kupeleka maji na la kutoa maji taka anaokoa safari nzima ya pikipiki. Na kwa mji wetu huu, lugha ni mali. Mama wa Mwandiga atalieleza tatizo vizuri zaidi kwa Kiha, na mfanyabiashara wa kutoka ng'ambo ya ziwa mwenye nyumba Gungu anaweza kuchanganya Kiswahili na Kifaransa. Msaidizi wa namna hiyo huwezi kumnunua kwa kampuni yoyote.

Mpe daftari na maswali machache: jina, mtaa na alama ya kufikia, tatizo ni nini, maji au umeme umeshazimwa, mteja anaweza kutuma picha. Bei asitaje kamwe. Kwangu mimi, simu isiyopokelewa ni afadhali kuliko bei iliyotajwa na mtu ambaye hajaiona kazi.

Laini ya biashara ibaki mfukoni mwako na iwe imesajiliwa kwa alama zako za vidole. Wapo mafundi wanaomwachia msaidizi laini yenyewe, pamoja na pesa iliyomo na wakati mwingine namba ya siri. Kuelekeza simu kunakuondolea kishawishi hicho. Laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA unaziona kwa *106#.

Ya pili: karani mmoja kwa mafundi wanne

Hapa mnachangia. Tuseme mshahara ni 200,000. Mwajiri anachangia NSSF asilimia 10, yaani 20,000, na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, asilimia 0.5, yaani 1,000. Jumla 221,000, kwa wanne ni 55,250 kila mtu. Tozo ya mafunzo ya ufundi stadi, SDL, haiwahusu, kwa sababu inaanzia kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 10. Kima cha chini cha mshahara hupandishwa kwa amri ya serikali, hivyo angalieni kiwango kinachotumika kabla ya kuandikiana mkataba.

Inafanya kazi vizuri mkiwa wa fani tofauti: bomba, umeme, friji, alumini. Mteja mmoja anaweza kuwapa kazi wote. Mkiwa mafundi bomba wawili kwenye meza moja, hesabuni ugomvi kabla mwezi wa pili haujaisha, maana kila mmoja atahisi karani anampendelea mwenzake. Amueni pia ni nani kati yenu ndiye mwajiri kwenye karatasi, kwa kuwa NSSF hawatawadai wanne.

Ya tatu: WhatsApp Business

Programu hii ilitoka Januari 2018 na haina malipo. Unalipia bando la intaneti tu. Inamjibu mteja yenyewe ukiwa kazini, inahifadhi majibu ya haraka, inaonyesha picha za kazi zako. Nimeiweka ya tatu kwa sababu mteja wa dharura hupiga, haandiki, na wengine wenye nyumba za kupangisha Ujiji wanatumia kitochi.

Lakini kama wewe ni seremala, fundi wa alumini au wa mageti, ipandishe iwe ya kwanza. Mteja wa kabati hana haraka ya dakika kumi. Atatuma picha, atasubiri hadi jioni, na hapo posho ya msaidizi ni pesa inayopotea bure.

Ya nne: duka la vifaa vya ujenzi

Hakuna ada ya mwezi. Mwenye duka anapokea simu au anamsikia mteja akilalamika kaunta, anakuunganisha, unamtoa kitu. Mpatane kiasi kinachojulikana kwa kila kazi iliyolipwa, na kisifichwe ndani ya bei ya vifaa, la sivyo mteja atalipa mara mbili na siku moja atagundua. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba duka lina mafundi wengi, na mteja huyo ni wa duka kabla ya kuwa wako.

Karani wako peke yako, kwa zile 221,000 zote, subiri hadi uwe na magenge mawili yanayotoka kila siku.

Ya mwisho: kampuni za kupokea simu

Matangazo yake yanavutia. Marekani ni biashara kubwa. Kampuni kama Ruby huuza dakika kwa mwezi, na kifurushi kidogo kinachojibiwa na binadamu kinavuka dola 200. Kwa hesabu ya shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ni zaidi ya nusu milioni, na dakika zikizidi unaongezewa bili. Kule fundi mmoja hutoza safari moja pesa inayoweza kubeba ada hiyo. Kwetu haiwezekani, na aliyeko huko hajui Kiswahili wala Kibirizi iko upande gani. Kol senta za Dar es Salaam zinazungumza Kiswahili, ila zimejengwa kwa ajili ya mabenki na kampuni zenye simu mamia kwa siku. Akili unde inayopokea simu nayo inakuja. Kwa sasa mteja anayeongea kwa kelele za boti huku akichanganya Kiha atakata kabla haijamwelewa.

Ukiamua kununua hata hivyo, uliza dakika zinahesabiwaje: simu ya sekunde 20 inatozwa kama dakika nzima? Aliyekosea namba analipiwa na nani? Kisha uliza namba ni ya nani. Tangu Machi 2017 unaweza kuhama mtandao na namba yako, lakini namba uliyopewa na kampuni ni yao. Ukiachana nao, utapaka rangi upya guta, bango na fulana za vijana wako.